Kimya cha mkutano wa kijiji si ridhaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wawekezaji kutoka nje hawalikuti katika miongozo wanayopewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti kabla ardhi yake haijahamishwa, lakini sheria hiyo haisemi, wala haiwezi kusema, sauti hiyo hutolewaje.

Nimewahi kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja mkoani Pwani. Mgeni akiletwa na viongozi wa wilaya akaueleza mradi wake, watu humpigia makofi, kwa kuwa kwetu mgeni hapingwi hadharani, sembuse aliyeongozana na wakubwa. Muhtasari huandikwa kwamba kijiji kimeridhia. Maneno yenyewe husemwa jioni barazani, mgeni akiwa ameshafika Dar es Salaam.

Tena, kwetu aliyepanda mkorosho au mnazi ni mwenye mti huo hata kama shamba ni la mwingine, na huurithisha. Mwekezaji anayemlipa fidia mwenye shamba peke yake hudhani amemaliza, kumbe ameacha nyuma wajukuu ambao watamfuata msimu wa korosho ukifika, nao kwa hesabu yao hawajakosea.

Ahadi ya mdomo ndiyo nzito kuliko zote. Wilayani Kisarawe, kampuni ya Uingereza iliyopewa zaidi ya hekta 8,000 mwaka 2009 ili ilime mibono ya kutoa mafuta (mmea ambao wazee wetu walizoea kuupanda makaburini) ilisimamisha kazi mwaka 2011. Wanavijiji walibaki wakidai visima na huduma walizosema waliahidiwa. Wanasheria watauliza ahadi hizo zimeandikwa wapi. Mzee aliyezisikia kwa masikio yake, mbele ya mashahidi mia, haoni karatasi ingeongeza nini.

Sisemi kwamba mila hizi zote ni njema. Kumwogopa mkubwa mkutanoni kumetugharimu ardhi. Ninachoziomba halmashauri za wilaya ni kwamba mkutano wa kumpokea mgeni usiwe ndio mkutano wa kuamua, zipite walau wiki mbili kati yake, na huo wa pili ufanyike bila mwekezaji wala viongozi waliomleta. Kila alichoahidi kisomwe hapo kwa sauti, kiandikwe, ndipo watu waulizwe.

Wako,
Msomaji, Pwani