Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: kibla ile mliyoipiga saruji

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Kwa umri, huenda wewe ndiye wa kunipa mimi shikamoo, lakini cheo nacho kina shikamoo yake, basi ipokee.

YAH: SARUJI NDANI YA MSIKITI WA KALE

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilikwenda kufagia magofu kama ninavyofanya kila wiki. Nikawakuta vijana wanne wanakoroga saruji mlangoni pa msikiti wa kale. Kuingia ndani, kibla, yaani kile kidaka cha ukutani kinachoelekea Makka, imeshapigwa plasta mpaka usawa wa kifua changu. Ule mkanda wa jiwe la matumbawe uliochongwa mistari ya kukutana, mfano wa mifupa ya samaki, hauonekani tena. Nikauliza, nani kawatuma? Kijana mmoja, mpole kwa kweli, akasema, "Mzee, tumeambiwa tusawazishe ukuta."

Kusawazisha ukuta! Kazi ya fundi aliyekufa kabla Mreno hajaiona pwani hii, leo imesawazishwa kwa mwiko.

Mheshimiwa, unaukumbuka mkutano wa chini ya mkwaju? Sisi tunaukumbuka, maana tulikodi viti. Uliahidi uzio, mlinzi na ubao. Ubao ulikuja, nashukuru, mbuzi wanajikuna hapo. Siku ile ile ulisema neno ambalo limenikaa kooni hadi leo: kwamba haya ni "magofu ya Waarabu", kwa hiyo tusiyapiganie kama mali ya baba zetu. Watu walicheka. Mimi sikucheka, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kunakoniuma sasa.

Basi naomba nijibu, ingawa nimechelewa.

Pale nje ya msikiti kuna kaburi la nguzo, yaani kaburi lililosimamishiwa mnara wa mawe. Umepita mbele yake, gari lako liliegeshwa hapo. Makaburi ya nguzo yako Kaole, yako Kunduchi, yako Malindi na Mambrui, yanapanda hadi pwani ya Somalia. Ukivuka kwenda Uarabuni kuyatafuta, utarudi mikono mitupu. Ni ubunifu wa pwani hii. Nguzo yetu ina matundu matano ya mviringo ambamo mabakuli ya kauri yalipachikwa. Mawili bado yana vipande vya rangi ya kijani. Bakuli la mwisho lililokuwa zima liling'olewa mwaka juzi kwa tindo, nikaandika taarifa, ofisi yako ikagonga mhuri, basi.

Fikiria, Mheshimiwa. Bakuli limetoka Uchina, limepita bandari baada ya bandari, limefika hapa, na mwenye nalo badala ya kulia wali amelipachika kwenye kaburi la mzee wake, kila apitaye alione. Kilwa Kisiwani upo msikiti mdogo wenye kuba ambao mabakuli yamepachikwa juu kabisa, ndani ya dari, na aswaliye akiinua macho anayaona. Watu wa namna gani hufanya hivyo? Ni watu waliokuwa wakiitazama bahari kama njia ya kwendea sokoni, na wasioona haya kusema kwamba wamepata.

Sikatai kwamba wageni walikuja, na waliacha alama. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una mwandiko wa Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, wa mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mtindo wa herufi ulitoka ng'ambo, lakini jiwe ni la hapa. Na jiwe hilo ni lazima ulijue ndipo uliweze: tumbawe la nakshi hukatwa baharini likiwa bichi, na likiwa na unyevu lachongeka kama muhogo. Likishakauka limekuwa jiwe kweli. Fundi alikuwa na muda wake tu. Nadhani ndiyo maana ile mistari ya kibla yetu upande wa kushoto imekwenda mbiombio kidogo. Nimeipitisha kidole mara nyingi tangu utoto. Huko kushoto unasikia kabisa kwamba mkono ulikuwa na haraka.

Hata vyumba vyenyewe vinasema. Nyumba za mawe za kale, za kisiwa cha Songo Mnara karibu na Kilwa na kwingineko, vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita 3 hivi kwa upana, kwa sababu boriti ya mkandaa haivuki zaidi ya hapo. Mikoko yetu ndiyo iliyopima vyumba vya matajiri. Na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba wengi wa wakazi wake ni watu weusi sana wenye chale usoni. Ni magofu ya Waarabu, sawa. Waliopigwa chale usoni nao walikuwa akina nani?

Nirudi kwenye saruji, maana hiyo ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Mimi ni fundi chokaa. Nimewahi kuwa kibarua kwenye ukarabati wa Kilwa Kisiwani, kabla magofu yale hayajatolewa, mwaka 2014, kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Huko nilifundishwa jambo moja hata mwenye kichwa kizito kama mimi likaingia: ukuta wa matumbawe unapumua. Una chumvi, una unyevu, na chokaa huupitisha unyevu utoke. Saruji inaziba. Unyevu ukikosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya plasta, inalimeng'enya lile jiwe laini ndani kwa ndani. Nje mtaona ukuta mzuri, mnapiga picha, mnaiweka kwenye taarifa ya robo mwaka. Baada ya masika kadhaa plasta inadondoka kipande kizima na nakshi imeshikamana nayo. Yaani mmeigundisha kwanza ili ibomoke vizuri.

Kwa nini imekuwa hivi, sijaambiwa. Mimi nahisi fungu lilikuwa linakaribia kurudi Hazina, na mwezi wa sita haungoji mtu. Au mkandarasi ana saruji iliyobaki kwenye kazi ya madarasa. Wengine wanasema kuna mgeni mkubwa anakuja na ilitakiwa pawe pasafi. Kama nakosea, nisahihishe, lakini nisahihishe kwa maandishi.

Ofisini kwako nimekuja mara tatu, Mheshimiwa. Nauli ni shilingi 7,000 kwenda na kurudi, na mgongo wangu hauna mkataba na barabara ile. Mara ya kwanza ulikuwa kikaoni. Mara ya pili ulikuwa semina. Mara ya tatu, ambayo ni Alhamisi hii, niliambiwa masjala faili langu halionekani, niandike upya. Nikaandika upya juu ya goti langu kwenye benchi, karani akasema sijaambatanisha picha. Picha ya nini, wakati nakshi imeshazikwa? Nililala kwa shemeji yangu, nikarudi Ijumaa, njiani mvua ikaninyea. Mke wangu ameniuliza kama magofu yale yananilipa. Miaka 19 nafagia pale, ufagio nanunua mwenyewe, na barua ya ajira sijawahi kuiona. Nilimjibu kwamba bibi yake na bibi yangu wamelala hatua kumi kutoka kwenye nguzo ile. Hakusema kitu, akaniletea chai.

Sheria unaijua kuliko mimi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda jengo lililojengwa kabla ya 1863. Msikiti ule ulikuwa gofu tayari mwaka huo. Nilimtajia karani mwaka huo, akacheka, akadhani namba ya faili.

Uzio nimeusamehe. Mlinzi nimemsamehe, nitaendelea mwenyewe. Ubao muutie rangi au msiutie. Lakini saruji isimamisheni. Iko mifuko zaidi ya 30 chini ya turubai ubavuni mwa kaburi, na vijana wameambiwa warudi Jumatatu kumalizia juu, kwenye upinde, ambako mchongo bado uko wazi. Isimamisheni kabla ya Jumatatu. Simu moja tu inatosha, hata kupitia kwa mtendaji wa kijiji.

Kama kazi ni lazima ifanyike, chokaa ipo. Nimeiloweka kwenye shimo nyuma ya nyumba yangu tangu mwezi wa pili, imelainika kama siagi. Mje muichukue bure, na mimi nitakuja na mwiko wangu.

Wako katika utiifu uliobaki,

Fundi chokaa, mfagiaji wa magofu