Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: mtoki usiopona ukatwe kipande kidogo cha nyama kipimwe

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia kutoka Tukuyu kuhusu limfoma, saratani inayoanzia kwenye limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili, ambayo mara nyingi hujitokeza kama mtoki, yaani uvimbe wa tezi usiouma shingoni, kwapani au kwenye kinena. Huku kwetu wengi wakisikia "saratani ya tezi" hudhani ni tezi dume, hivyo kijana mwenye mtoki haoni kuwa habari hiyo inamhusu.

Mdogo wangu alikuwa na homa, alikonda, na usiku jasho lililowesha shuka. Dalili hizo ni za kifua kikuu pia, na kituo kimoja kilimwanzishia dawa za TB za miezi 6 bila kipimo chochote kuonyesha vimelea. Waliomwona walikuwa na sababu, maana TB ya tezi huonekana mara nyingi kuliko limfoma. Lakini uvimbe uliendelea kukua hadi mwezi wa 5 wa dawa hizo, na hakuna aliyeutilia shaka. Kipande cha nyama ya uvimbe kilipokatwa na kupimwa, majibu yalisema limfoma ya Hodgkin, ugonjwa ambao Thomas Hodgkin aliueleza mwaka 1832 na ambao leo wengi hupona wakiwahi dawa za saratani.

Naomba utoe mwongozo kwamba mtoki uliozidi wiki 4 bila sababu kujulikana, au usiopungua mgonjwa akiwa kwenye dawa za TB, ukatwe kipande cha nyama kipimwe, hasa kwa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya limfoma ni kubwa zaidi. Kufyonza chembe za uvimbe kwa sindano nyembamba husaidia kutafuta TB, lakini limfoma zina aina nyingi, na mtaalamu huhitaji kuona jinsi chembe zilivyojipanga ndani ya tezi, pamoja na alama zilizo juu ya chembe, kama CD20, zinazoelekeza uchaguzi wa dawa. Kila hospitali ya wilaya iwe na vichupa vya formalini, dawa ya kuhifadhi kipande hicho kisiharibike, na utaratibu wa kusafirisha sampuli, ili mgonjwa asifunge safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kabla ya kujua anaumwa nini.

Mtoto wa Kyela aliyevimba taya asisubiri hata hizo wiki 4. Limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto na ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, hukua kwa kasi ndani ya siku chache, na huitikia dawa vizuri ikiwahiwa.

Wako,
Mkazi wa Tukuyu, Rungwe