Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Ya ofisi nayapitia haraka: hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe kwenye mkutano mkuu. Nafasi kubwa naitoa kwa jambo mlilotuuliza kuliko yote mwaka huu, yaani madai ya malipo ya bima kwa sindano za mgongo zinazochomwa kwenye ngazi (usawa wa pingili) zaidi ya moja.

Madai mengi mliyotuletea baada ya kukataliwa na bima yalihusu viungo vya faseti, yaani viungo vidogo vinavyounganisha pingili kwa nyuma, na chanzo kilijirudia: zilihesabiwa neva badala ya viungo. Kila kiungo cha faseti kiunoni hupata hisia kutoka kwa neva mbili. Daktari akizuia (akitia ganzi) neva za L3 na L4 upande mmoja (L ni pingili za kiunoni, S ni za chini yake), sindano ni mbili lakini kiungo ni kimoja, L4-L5, na msimbo wa CPT, orodha ya Marekani ya namba za huduma za tiba, ni 64493 peke yake. Akizuia na tawi la L5, hapo L5-S1 nayo imeingia, tunaongeza 64494. Ngazi ya tatu ni 64495, nao huandikwa mara moja tu kwa siku hata ngazi zikizidi tatu. Shingo na kifua vina safu yao, 64490 hadi 64492. Gharama ya picha za eksirei au CT za kuongozea sindano imo humo humo. Kuidai kando ni kudai mara mbili.

Epidura, sindano ya kwenye nafasi inayozunguka utando wa uti wa mgongo, ina sheria nyingine. Sindano ikipita kwenye tundu la neva kiunoni, ngazi ya kwanza ni 64483 na kila ya ziada ni 64484. Ikipita kati ya pingili mbili ni 62323 ikiongozwa kwa picha, na msimbo huo hauna nyongeza ya ngazi. Someni njia ya sindano kwanza, ngazi baadaye.

Sindano za pande zote mbili, kulia na kushoto, bado zinatusumbua. Mwongozo wa CPT unataka msimbo wa nyongeza uandikwe mara mbili bila alama ya 50, inayoonyesha pande mbili, huku baadhi ya walipaji wakiidai alama hiyo hiyo. Naona ni mzigo usio wa haki kwa ofisi ndogo, lakini kwa sasa hakuna njia ila kusoma sera ya kila mlipaji.

Kwa wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kumbukeni kwamba faseti kwa kawaida hulipwa hadi ngazi mbili kwa kikao, na epidura vikao vinne kwa eneo moja la mgongo ndani ya miezi 12. Tangu tarehe 1 Julai 2023, faseti kwenye idara za wagonjwa wa nje za hospitali huhitaji kibali kabla ya sindano. Kibali kikikosekana, mtu mwenye maumivu ndiye anayeahirishiwa tiba, na hilo linaniuma kuliko dai lenyewe.

Kamati imeandaa fomu ya ukurasa mmoja ya kuwapa madaktari: jina la kiungo, upande, neva zilizozuiwa, njia ya sindano. Daktari akiandika tu “sindano tatu kiunoni”, mrudishieni ripoti aikamilishe, msikisie.

Mafunzo yajayo yataanza na kuunguza neva za faseti, 64633 hadi 64636, ambako pia kinachohesabiwa ni kiungo. Walio tayari kufundisha wampe katibu majina yao kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti