Kaka, Mama alikuona ulipotoka nje

Kaka,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu wewe ndiye ulianza. Zile sauti zako za dakika saba saba, za kulalamikia ngoma kanisani na watakatifu wa siku hizi, ulizirusha kwenye kundi la ukoo, zikasikilizwa na wajomba, mashemeji, mpaka watoto wa darasa la sita. Basi na mimi nijibu palipo na watu.

Nianze na misa ya jubilei ya Baba na Mama. Kwaya ilipoanzisha wimbo wa matoleo, ngoma zikaingia, akina mama wakaja wakicheza na mikungu ya ndizi na yule jogoo aliyekuwa akimpiga mabawa shangazi, wewe ulinyanyuka, ukapita mlango wa pembeni, ukaenda kusimama chini ya mwembe mpaka padri alipoanza prefasio, ile sala inayofuata baada ya matoleo. Ulidhani hakuna aliyekuona. Mama siku hiyo alipaswa akae kwenye kiti cha bibi harusi pembeni ya Baba, miaka hamsini ya ndoa si mchezo, lakini unamjua. Wimbo ulipoanza alishika gauni lake, akaenda kusimama na wenzake wa sauti ya pili, mstari wa nyuma, mahali pake tangu sisi tunanyonya vidole. Na kutoka pale, kaka, mlango wa pembeni unaonekana wote.

Hakusema kitu. Jioni aliuliza tu kama tumbo lilikuwa linakusumbua.

Baada ya chakula ukatugawia kadi za Papa Pio wa Kumi, picha mbele, sala ya Kilatini nyuma. Ukasema huyu ndiye papa wa mwisho kutangazwa mtakatifu kwa vipimo vya kweli, na kwamba angeingia kanisani kwetu siku ile angelia. Kadi yangu niliiweka kwenye pochi. Nilipopata nafasi nikaanza kumsoma huyu mzee, maana nilitaka kujua angelia kwa sababu gani.

Ulikuwa na haki kiasi, nakubali. Tarehe 22 Novemba 1903, hajamaliza hata miezi minne tangu achaguliwe, alitoa waraka juu ya muziki wa kanisani. Piano ameikataza. Vyombo vya makelele kama ngoma na matoazi amevikataza. Umefurahi? Subiri. Waraka huohuo unasema wanawake wasiwe kwenye kwaya kabisa, kwa kuwa kuimba kwenye liturujia ni huduma ambayo mwanamke haiwezi, na zikihitajika sauti za juu waimbe wavulana. Kwa hiyo kama tunamfuata mtakatifu wako mstari kwa mstari, wa kwanza kutolewa nje si mpiga ngoma. Ni Mama.

Sidhani kama ulilijua hilo. Wanaogawa hizo kadi hawaliandiki nyuma.

Lakini kilichonifanya nirudie kusoma ni kitu kingine. Papa Pio hakuwa akilinda walichokizoea watu. Makanisa ya Italia wakati ule yalijaa nyimbo za mtindo wa opera, waimbaji wakijionyesha na waamini wakiwa watazamaji. Hayo ndiyo waliyokuwa wameyazoea, na wengi waliyapenda. Yeye akayafagia, akaurudisha wimbo wa Kigregori, ule wa kale wa Kilatini, ambao masikioni mwa watu wengi ulikuwa kama jambo geni. Na akatoa sababu: waamini washiriki kwa matendo mafumbo matakatifu. Kushiriki kwa matendo! Miaka 60 baadaye, Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulilichukua neno hilohilo ukalifanya nguzo ya hati yake juu ya liturujia. Ngoma iliyokutoa nje iliingia kanisani kwa mlango ambao Pio wa Kumi aliuacha wazi bila yeye kukusudia.

Na binti yako, picha yake ya komunyo ya kwanza bado ni picha ya simu yangu. Miaka saba, kitambaa cheupe kichwani, pengo mbele. Kabla ya 1910 angesubiri mpaka miaka kumi au kumi na miwili huko Ulaya mliko, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka. Aliyebadili ni huyohuyo wa kwenye kadi. Wapo walionung'unika pia, kwamba mtoto mdogo hivyo anaelewa nini.

Sasa habari ya vipimo. Ulisema tangu 1983 watakatifu wanatoka kama mandazi. Hapa sibishani sana. Yohane Paulo wa Pili peke yake alitangaza 482, na ni yeye mwaka huo aliyepunguza idadi ya miujiza inayotakiwa na kumpunguzia nguvu yule aliyeitwa wakili wa shetani, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumtafutia marehemu kasoro. Mimi ningependa wakili huyo abaki. Kwenye ukoo wetu asingekosa kazi. Ila ukisema mapokeo, sema hadi mwisho: mtakatifu wa kwanza tunayejua kwa hakika kwamba alitangazwa na papa ni Ulriki wa Augsburg, mwaka 993. Karibu miaka elfu nzima kabla yake, watu ndio waliokuwa wakienda kusali kaburini na askofu akaridhia.

Halafu kuna Namugongo, kule Uganda, ambako ulikataa kwenda na Mama ukiwa bado upo hapa. Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa pale tarehe 3 Juni 1886. Kizito, mmoja wao, alikuwa na miaka kama 14, na aliyembatiza usiku wa hatari ni Lwanga mwenyewe, mlei, maana padri hakuwepo karibu. Wale mashahidi 22 wa Uganda walipimwa kwa vipimo vyako vya zamani, wakili wa shetani akiwa kazini. Muujiza uliochunguzwa ni wa masista wawili wa Rubaga waliopona tauni mwaka 1941. Kisha tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso ukiendelea, Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu pale Roma, na katika mahubiri akawakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo huyohuyo. Katika sherehe zile oratorio ya Joseph Kyagambiddwa, utungo mrefu wa kwaya juu ya mashahidi hao, iliimbwa huko Roma, kwa Kiganda, kwa ngoma. Vipimo vya zamani na ngoma vilikaa pamoja, wala paa halikuanguka.

Tarehe 3 Juni, kaka. Unajua Pio wa Kumi alitangazwa mwenye heri siku gani? Tarehe 3 Juni 1951. Nilipoiona nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Usinielewe vibaya, sisemi kila kitu ni kizuri. Kile kinanda chetu kinapigwa kama disko la mnada, na siku ile spika zilinipasua kichwa hata mimi. Kilatini nakipenda. Mama anakipenda kuliko wewe: alikua nacho, na Tantum ergo anaiimba mpaka mwisho bila kitabu kila baraka ya Sakramenti Kuu. Ukimuuliza maana yake anasema ni wimbo wa kupiga magoti. Hajawahi kuona kwamba akiimba huo asubuhi amekatazwa vigelegele mchana.

Anauliza kama Krismasi utakuja. Wana mazoezi kila Jumatano na Ijumaa, na amekohoa sana mwezi huu lakini hakosi.

Kadi yako anayo. Ameiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, kwenye zile za komunyo, anaitumia kama alama ya ukurasa. Habari za ule waraka wa 1903 sijamwambia.

Mdogo wako