Asante, dada wa maktaba

Hakutaka nimtaje, basi simtaji.

Nilijifungua hapa Houston, Marekani, nikajua bima imelipa, nikatulia. Miezi minane baadaye ikaja barua ya wakala wa kukusanya madeni: dola 2,340. Hospitali wakasema deni wameshamkabidhi wakala huyo. Wiki nzima niliificha ile barua kabatini, mume asiione.

Dada huyu alinikuta maktaba nikihangaika na kamusi. Akaanza na tarehe. "Mdogo wangu, usilipe hata senti. Ukipinga kwa maandishi ndani ya siku 30, lazima wasimame mpaka wathibitishe deni." Tukaandika pale pale, tukaituma kwa rejista. Kisha akanifanya niombe ankara yenye mchanganuo, akaipitia kwa kidole mstari kwa mstari. Namba yangu ya bima ilikosewa tarakimu moja! Akakaa nami saa mbili kwenye simu, akiandika jina la kila aliyepokea. Saa za kutafsiri sikuzihesabu.

Barua ya kufuta deni imefika Jumanne. Nimempelekea maandazi, kachukua mawili tu.

Mwenye barua kama ile kabatini, itoe leo, tazama tarehe.