Asante, mzee uliyeipandisha injini

Boti yangu kuukuu ya mwendo kasi iligoma kuongeza spidi, na kila mtu alinishauri ninunue injini kubwa. Mzee mmoja asiyependa kutajwa jina alianza kwa kugongagonga ubao wa nyuma unaobeba injini, asikilize kama umeoza. Kisha akapima kwa rula: shafti ya propela ilikaa chini mno, gia boksi ikiburuta maji bure. Akaipandisha injini kidogo kidogo, na kila tulipojaribu hakubandua macho kwenye geji ya presha ya maji ya kupozea, maana injini ikipandishwa kupita kiasi itakosa maji iungue. Mizunguko ya injini ilipozidi, akafunga propela yenye pichi kubwa zaidi, yaani inayosukuma boti mbali zaidi kwa kila mzunguko. Kamba ya kuzima injini dereva akianguka alinifunga mwenyewe mguuni. Pesa akakataa katakata! Mafundi wengine, msituuzie injini kabla ya kupima.