Wakufunzi wa hoteli wasiachwe wapoe

Ndugu Mhariri,

Tangu Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018, hoteli zimeongezeka na vijana wengi wanasomea mapishi, mapokezi na huduma kwa wageni. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wanaowafundisha.

Mkufunzi wa fani hii huanza kazi akiwa na ari, hasa akiwa ametoka hotelini na ujuzi wake bado ni wa moto. Lakini akikaa miaka akifundisha mapishi ubaoni kwa sababu jiko la mafunzo halina gesi wala mahitaji ya kutosha, huku mifumo ya kupokea wageni ikibadilika bila yeye kuigusa, hufika mahali akajiona amepitwa na wanafunzi wake mwenyewe waliorudi kutoka mafunzo kwa vitendo. Nyongeza ya mshahara, ambayo bila shaka anaistahili, haiwezi peke yake kuliponya jeraha hilo.

Bunge la bajeti, linaloketi kuanzia Aprili hadi Juni, huleta wageni wengi mjini kwetu. Kwa nini vyuo visiwaruhusu wakufunzi, kwa zamu na bila kupoteza mishahara yao, kufanya kazi hotelini wiki chache kila mwaka, na wapishi wakuu nao waje kufundisha Bunge linapoahirishwa? Muda huo uhesabiwe katika kupandishwa daraja, kwa kuwa mkufunzi mkongwe asiye na cha kutazamia mbele hufundisha kwa mazoea tu, na wanafunzi hulitambua hilo mapema.

Mdau wa elimu ya ufundi,
Dodoma